Umri wa Muwa na Utafutaji wa Kumbukumbu kwa Tarehe Ekero

Huko Ekero, jirani na mji wa Mumias katika Kaunti ya Kakamega, kutafuta kumbukumbu kwa tarehe kumekuwa suala la riziki tangu Kampuni ya Sukari ya Mumias, iliyoundwa mwaka 1971, ilipoanza kusaga miwa mwaka 1973. Mbali na shamba lake yenyewe, kampuni ilitegemea wakulima wa mkataba, waliopewa mbegu na mbolea kwa mkopo uliokatwa katika malipo ya mavuno. Na kwa kuwa muwa wa ukanda huu hukomaa kwa takribani miezi 18 hadi 24, ilhali ule unaochipua baada ya kukatwa huwahi kidogo, zamu ya kila shamba ilitokana na siku lilipopandwa au kukatwa mara ya mwisho. Muwa uliopitiliza umri hukauka, na hasara humwangukia mkulima anayelipwa kwa uzito.

Daftari lililopangwa kwa majina ya wakulima haliwezi kueleza upesi ni mashamba gani yaliyopandwa kati ya siku mbili. Njia ilifunguka mwaka 1970, Edgar Codd wa IBM alipopendekeza kanzidata ya kimahusiano, yaani hifadhi ya taarifa iliyopangwa katika majedwali, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaeleza lugha ya kuyauliza, ambayo leo huitwa SQL. Hata hivyo, kiwango rasmi cha kwanza cha lugha hiyo, cha mwaka 1986, hakikuwa na aina ya data ya tarehe. Ililetwa na kile cha 1992, na upungufu huo haukuwa mdogo. Tarehe iliyohifadhiwa kama maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kutoka kushoto, hivyo 03/11/1985 hutangulia 21/02/1984, na shamba changa likapata zamu ya shamba kongwe. Kiwango cha uandishi wa tarehe cha ISO 8601 cha mwaka 1988 kilitanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, hivyo hata tarehe iliyo maandishi hupangika kwa mfuatano sahihi.

Ugumu mwingine umo katika ukomo wa kipindi. Kumbukumbu ya mizani inayopima mizigo ya miwa ikibeba saa pamoja na tarehe, agizo la “hadi 31 Machi” huishia usiku wa manane siku hiyo inapoanza, na mizigo yote ya tarehe 31 huachwa. Ndiyo maana mtaalamu mwangalifu huuliza “kuanzia 1 Machi, kabla ya 1 Aprili”. Zaidi ya hayo, kompyuta nyingi hutunza saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu, kwa hiyo trekta lililopimwa saa saba usiku wa kuamkia 1 Aprili huhesabiwa katika Machi, isipokuwa programu iwe imeagizwa kufuata saa ya Nairobi.