Mota Iendayo Mbele na Nyuma: Habari za Mashine Yetu ya Kukereza Vyuma

Wanachama wafikao makao makuu ya Chama Kikuu siku za malipo hupita mbele ya mlango wa karakana, na wengi wao wameisikia sauti ya mashine ya kukereza vyuma ikinguruma humo ndani. Wenzetu katika kijitabu hiki wameandika habari za bei ya kahawa, za maghala na za hesabu za miaka kumi. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari za mashine hii moja. Tumeipokea kwa furaha, kwa sababu ndiyo iliyoleta mabishano makali katika mkutano mkuu mmoja, pale mzee mmoja wa chama cha msingi aliposimama akauliza kwa nini fedha za wakulima zitumike kununua chuma kikuukuu cha Wazungu. Swali lake lilikuwa la haki, nalo halikujibiwa vema siku ile.

Mashine yenyewe ni Myford ML7. Ilitengenezwa Beeston, karibu na mji wa Nottingham, Uingereza, katika kiwanda kilichoanzishwa na Cecil Moore mwaka 1934. Mashine za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1946, vita vilipokwisha, nazo zilikusudiwa mafundi wa karakana ndogo na watu watengenezao vitu nyumbani kwao. Kiwanda kile cha Beeston kilifungwa mwaka 2011, lakini mashine zake zingali zikifanya kazi katika nchi nyingi. Yetu tuliinunua mnadani, kutoka katika karakana ya shamba moja kubwa la zamani. Ilikuja na mota ya nusu nguvu farasi na swichi yenye kazi mbili tu, kuwasha na kuzima. Mota ilizunguka upande mmoja, basi.

Mkulima aweza kuuliza, upande wa pili wa nini? Jibu limo katika bolti za mashine za kumenyea kahawa. Mashine zetu nyingi za zamani zina hesi za inchi, za kipimo alichokitoa Joseph Whitworth huko Uingereza mwaka 1841. Bolti yake ya nusu inchi ina hesi 12 katika kila inchi. Zile tulizonunua baadaye zina hesi za milimita, na bolti ya milimita 12 hupanda milimita 1.75 kwa kila mzunguko. Skrubu kuu ya mashine yetu, ile isukumayo kisu cha kukatia, ina hesi 8 kwa inchi. Kukata hesi za milimita kwa skrubu ya inchi kwawezekana, kwa kuwa tangu mwaka 1959 inchi imekubaliwa kuwa milimita 25.4 kamili, na gia yenye meno 127 hulinganisha vipimo hivyo viwili bila kosa. Lakini liko sharti moja. Mara kisu kinapoanza kukata, nati iishikayo skrubu kuu haifai kufunguliwa mpaka kazi iishe, maana ikifunguliwa kisu hakitarudi katika mfereji wake. Basi kisu kirudishweje mwanzo? Hakuna budi mashine nzima irudi nyuma, yaani mota igeuze mwendo wake.

Haja hiyo ni ya zamani kuliko umeme. Henry Maudslay wa London alipotengeneza mashine yake mashuhuri ya kukata hesi, karibu na mwaka 1800, viwanda viliendeshwa kwa maji au kwa mvuke. Mhimili mrefu ulipita juu darini, na kila mashine ikapata nguvu yake kwa mkanda. Mafundi wa siku zile walifunga mikanda miwili, mmoja ukienda moja kwa moja na wa pili umepigwa msalaba kama namba nane. Aliyetaka mashine irudi nyuma aliusogeza ule mkanda wa msalaba kwa kijiti. Twakiri kwamba tunapenda sana ufundi huo. Mtoto wa shule huuelewa akiuona mara moja, jambo ambalo hatuwezi kulisema juu ya mota ya umeme.

Mota ya namna iliyomo katika karakana yetu ilitokana na kazi ya watu kadhaa kwa wakati mmoja. Galileo Ferraris alionyesha mfano wake huko Turin mwaka 1885. Nikola Tesla akapewa hataza zake huko Marekani mwezi wa Mei mwaka 1888. Na Mikhail Dolivo-Dobrowolsky, aliyefanya kazi Ujerumani, akatengeneza mota ya fezi tatu mwaka 1889. Mota ya fezi tatu ni mtiifu, kwani ukibadilishana waya zozote mbili kati ya zile tatu, inarudi nyuma. Umeme uliofika makao yetu, hata hivyo, ni wa fezi moja, kama ule wa nyumbani, na hapo ndipo ugumu uanzapo.

Mota ya fezi moja yenye koili moja tu hunguruma pasipo kuondoka, kwa kuwa haijui ielekee wapi. Ukiizungusha kwa mkono, yaendelea upande ule ule ulioisukuma. Kwa hiyo hupewa koili ya pili, ya kuanzishia, nayo ndiyo iamuayo upande. Mota ikishika kasi, swichi ndogo iliyomo ndani hujifungua yenyewe na kuitoa koili hiyo kazini.

Wakulima wa Marekani walizijua mota hizi kabla yetu, na kwa njia ya ushirika. Katikati ya miaka ya 1930 ni kama shamba moja kati ya kumi tu lililokuwa na umeme nchini mwao, maana makampuni yaliona hasara kupeleka nguzo vijijini. Serikali ikaunda idara ya umeme wa vijijini mwaka 1935, sheria ikafuata mwaka 1936, na wakulima wakaunda vyama vyao, wakakopa, wakasimamisha nguzo. Tumelitaja jambo hili kwa ajili ya yule mzee wa mkutano mkuu.

Fundi wetu wa kwanza, kijana hodari wa kuunga nyaya za nyumba, alibadilishana waya mbili za plagi, akawasha. Mota ikazunguka upande ule ule. Akarudia mara tatu. Hakujua, wala sisi hatukujua, kwamba kufanya hivyo ni kuzigeuza koili zote mbili pamoja, na kugeuza zote mbili ni sawa na kutogeuza hata moja. Yapasa kugeuza ncha za koili moja tu, nyingine ikae ilivyo. Tulipoifungua mota tukaona kwamba ncha mbili ziliunganishwa humo ndani kiwandani, ndiyo sababu nje zilitokea waya tatu badala ya nne. Tukaukata muungano ule, tukaitoa waya ya nne, tukazipeleka zote katika swichi ya mzunguko yenye nafasi tatu: mbele, simama, nyuma. Siku ile tulikunywa soda kwa fedha zetu wenyewe.

Furaha haikudumu. Katika kazi ya kwanza ya hesi, kijana alifika mwisho wa mfereji, akapeleka mkono wa swichi toka mbele hadi nyuma kwa mpigo mmoja. Mota ilikuwa ingali katika kasi, koili ya kuanzishia haimo kazini. Kwa hiyo ikaendelea mbele kana kwamba hakuna aliyeiambia kitu, na kisu kikagonga bega la kazi kikavunjika. Tukafundishana kungoja isimame kabisa.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Kishikio cha taya nne, kile kibanacho chuma kinachokerezwa, katika mashine hii kimefungwa kwa hesi kwenye ncha ya mhimili. Mashine ikienda mbele, kazi yenyewe hukikaza. Ikianza nyuma kwa ghafula, mhimili hutangulia na kishikio kizito huchelewa, hata kikajifungua. Asubuhi moja kilijifungua. Kiliangukia kitanda cha mashine, kikabingirika sakafuni, kikapita pale aliposimama kijana dakika moja kabla. Hakuumia. Kosa lilikuwa letu, si la mashine, kwani hatukumwuliza mtu yeyote ajuaye kabla ya kuigeuza. Halmashauri ikafunga karakana, na kwa kweli wako waliotaka mashine iuzwe wiki ile ile.

Karakana ilipofunguliwa, kijana yule yule ndiye aliyepewa ufunguo. Kurudi nyuma sasa ni kwa kurudishia kisu tu, kikiwa kimevutwa nje ya chuma, kamwe si kwa kukata. Kishikio hukazwa kila asubuhi, na mkanda umelegezwa kidogo ili uteleze mota inapoanza. Kadhalika tuliongeza swichi ya sumaku mbele ya ile ya mzunguko. Swichi ya mzunguko peke yake haina kumbukumbu ya hatari: umeme ukikatika ikiwa imeachwa upande wa mbele, basi utakaporudi mashine itaondoka yenyewe, pengine mkono wa mtu umo ndani. Ya sumaku huachia umeme ukatikapo, na haishiki tena mpaka kitufe kibonyezwe. Nasi sote twajua umeme wetu ukatikavyo msimu wa mvua.

Yule mzee aliyeuliza swali alileta mwenyewe, mwaka uliofuata, mhimili wa mashine ya kumenyea kahawa ya chama chake cha msingi, hesi zimelika kabisa, na kahawa mbivu ikingoja katika magunia. Alikaa kwenye kisanduku mlangoni tangu saa tatu hadi saa nane, akiangalia kisu kikienda na kurudi. Alipopewa mhimili wake aliujaribu kwa nati aliyokuja nayo mfukoni, akaikaza kwa vidole, akaifungua, akaikaza tena. Kisha akauliza ni kiasi gani, akalipa, akataka stakabadhi.