Fahali Wengi, Zizi Moja

Mchezaji akibadili timu ya taifa, watu hawakawii kusema kaiuza nchi. Kabla hatujahukumu, hebu tumtazame Fabien Lefèvre, mpiga kasia wa Ufaransa aliyekuja kuvaa jezi ya Marekani.

Mchezo wake ni slalomu ya mitumbwi. Mtu anashuka kwenye maji ya kasi, akipita katikati ya nguzo zinazoning'inia. Za kijani anazipita akifuata mkondo. Nyekundu lazima apande dhidi ya maji. Akigusa nguzo anaongezewa sekunde 2, akikosa lango sekunde 50. Kosa moja tu, kwaheri medali!

Lefèvre, aliyezaliwa mwaka 1982, hakuwa mtu wa kubahatisha. Katika kayaki, ambayo mtu huketi na kasia lenye bapa pande zote mbili, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2002 na 2003. Olimpiki ya Athens 2004 alipata shaba, Beijing 2008 akapata fedha. Tena akaujua na mtumbwi wa kupiga magoti, wenye kasia la bapa moja. Wanaoviweza vyote viwili kwa kiwango hicho ni wachache.

Sasa basi, London 2012 kila nchi iliruhusiwa mtumbwi mmoja tu katika kila shindano, na Ufaransa ilijaa mabingwa. Kwenye kayaki akaenda Étienne Daille, akarudi na fedha. Kwenye mtumbwi wa magoti akaenda Tony Estanguet, akatwaa dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki. Lefèvre hakuwemo. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja; na hao walikuwa zaidi ya wawili.

Baada ya hapo akahamia timu ya Marekani. Mwaka 2014, huko Deep Creek, Maryland, akaipa Marekani ubingwa wa dunia wa mtumbwi wa magoti. Lakini Olimpiki inadai uraia, na yeye hakuupata kwa wakati. Rio 2016 Marekani ikamtuma Casey Eichfeld. Na dhahabu ilikwenda wapi? Kwa Mfaransa Denis Gargaud Chanut, aliyewahi kupiga kasia pamoja na Lefèvre katika mtumbwi wa watu wawili!

Najua mtu atanijibu: mwacha asili ni mtumwa. Mkenya Stephen Cherono naye, alipokwenda Qatar mwaka 2003 na kuitwa Saif Saaeed Shaheen, Kenya ilikataa asikimbie Athens mwaka uliofuata. Sawa. Ila pale Beijing, kwenye jukwaa lilelile aliposimama Lefèvre na fedha yake, aliyepata shaba alikuwa Benjamin Boukpeti, mzaliwa wa Ufaransa aliyeshindania Togo, nchi ya baba yake. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Togo katika historia ya Olimpiki, na Afrika tuliipigia makofi. Kumbe anayetoka kwetu ni msaliti, anayekuja kwetu ni shujaa?

Mimi ninayehangaika kuandika riwaya siwezi kumfanya Lefèvre kuwa mhusika mwovu. Nchi yake haikupungukiwa kitu: iliendelea kuvuna dhahabu London na Rio. Aliyelipa nauli ya safari ile ni yeye mwenyewe, aliyekuwa bingwa wa dunia na bado akaikosa Rio.