Kijani cha Bahari: Setilaiti Juu, Chupa ya Maji Chini

Tarehe 30 Juni 1997 setilaiti ya Japani iitwayo ADEOS ilinyamaza ghafla, hata mwaka haijamaliza angani. Ilikuwa imebeba OCTS, chombo cha kupima rangi ya bahari duniani kote, na wataalamu walikuwa wamekisubiri chombo cha namna hiyo kwa miaka kumi. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 1 Agosti, Marekani ikarusha chombo cha kazi hiyo hiyo, SeaWiFS, kilichokuwa kimecheleweshwa kwa miaka kadhaa. Kazi ikaendelea.

Kinachosakwa katika rangi hiyo ni klorofili, ukijani uliomo ndani ya planktoni za mimea, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Viumbe hivyo hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia, na dagaa na jodari wote hutegemea malisho hayo. Klorofili hufyonza mwanga wa buluu, hivyo maji yenye planktoni nyingi huelekea kijani. Anayeweza kulinganisha rangi hizo mbili kutoka juu anaweza kukadiria wingi wa malisho.

Jaribio la kwanza lilikuwa chombo cha CZCS, kilichopaa na setilaiti ya Nimbus-7 Oktoba 1978. Kilitarajiwa kufanya kazi mwaka mmoja, kikadumu hadi 1986. Picha zake zilionyesha kwa mara ya kwanza bahari nzima ikibadilika kwa majira. Lakini kilikuwa kikififia kadiri miaka ilivyopita, na ilikuwa vigumu kujua kimefifia kiasi gani. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo: karibu asilimia 90 ya mwanga unaoifikia setilaiti hutoka hewani, si majini. Kosa la nusu asilimia katika kipimo cha jumla hugeuka kuwa kosa la asilimia 5 hivi katika mwanga wa bahari.

Dawa yake ni kuteka maji, ili kipimo cha setilaiti kilinganishwe na cha baharini.

Chupa zilizofungwa kwenye fremu ya chuma huteremshwa kutoka melini, hujifunga kwa zamu katika kina mbalimbali, kisha hupandishwa. Maji hupitishwa kwenye karatasi ya kuchujia ya nyuzi za kioo, ndogo kama sarafu, mpaka ibaki na doa la kijani hafifu. Fundi huishika kwa koleo, taa zikiwa zimepunguzwa maana mwanga huharibu klorofili, na kuitumbukiza katika nitrojeni ya kimiminika. Maabara ndiyo huitoa rangi kwa asetoni na kuipima. Kazi hii ya taratibu haipati sifa inazostahili, ingawa bila hiyo ramani zote za rangi zingekuwa mapambo tu.

Ilibidi pia mataifa yapime kwa njia moja. Kati ya 1959 na 1965 meli zipatazo 40 za nchi zaidi ya kumi zilishiriki Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, na mwaka 1966 UNESCO ikachapisha mwongozo wa pamoja wa kupima klorofili. Miaka thelathini baadaye, 1996, mashirika ya anga na watafiti waliunda IOCCG, jukwaa la kuratibu setilaiti za rangi ya bahari. Waingereza walikuwa wameshaanza, mwaka 1995, safari za kuikata Atlantiki kaskazini hadi kusini wakiteka sampuli njiani. Karibu na kisiwa cha Lanai, Hawaii, boya liitwalo MOBY limepima mwanga wa maji safi tangu 1997, na vipimo vyake vimetumika kusahihisha setilaiti za nchi mbalimbali. SeaWiFS yenyewe iligeuzwa kila mwezi kuutazama mwezi wa angani, ambao mng'ao wake unajulikana, ili kugundua kama imeanza kufifia.

Matunda yalionekana mapema, tena kwenye bahari yetu. Mwishoni mwa 1997 joto la Bahari ya Hindi lilivurugika: magharibi maji yalipata joto, na mashariki, karibu na Sumatra, maji ya baridi yenye rutuba yalipanda juu. SeaWiFS ilionyesha kijani kikichanua upande huo ambao kwa kawaida ni hafifu. Meli za kigeni za kuvua jodari kwa nyavu za kuzungushia ziliuacha upande wa Afrika zikahamia mashariki.

India ilirusha chombo chake mwaka 1999, Ulaya MERIS mwaka 2002 na Sentinel-3 kuanzia 2016, na Marekani PACE Februari 2024, ikiwa na kifaa kimoja kilichotoka Uholanzi. Sasa takwimu za setilaiti kadhaa huunganishwa kuwa mfululizo mmoja unaoanzia 1997.

Pwani ya Afrika Mashariki bado inaisumbua mitambo hiyo. Tope la mito ya Rufiji na Sabaki hubadilisha rangi ya maji, na setilaiti huweza kulihesabu kama klorofili. Mawingu nayo huificha bahari kwa siku nyingi. Watafiti wa Zanzibar na Mombasa wanahitaji chupa, karatasi za kuchujia na siku za meli, katika kusi na katika kaskazi, mwaka hata mwaka. Sampuli za upande huu ni chache mno ukilinganisha na za Atlantiki ya Kaskazini.