Uzito wa Kiswahili katika Cheti cha Sekondari Nchini Kenya: Kutoka Cambridge hadi Kanuni ya 2023

1. Utangulizi

Historia ya Kiswahili nchini Kenya huelezwa mara nyingi kwa matamko. Twakumbushwa kwamba mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni, na kwamba Katiba ya 2010 ilikitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Matamko hayo yana thamani yake. Hata hivyo, mzazi anayemnunulia mwanawe vitabu, na mwalimu mkuu anayepanga ratiba ya vipindi, hawaongozwi na matamko. Waongozwao nacho ni cheti. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba hadhi ya Kiswahili shuleni imepanda na kushuka kwa kufuata jambo ambalo sisi wanalugha tumelijadili kwa nadra, nalo ni kanuni ya kukokotoa daraja la mtahiniwa.

2. Urithi wa Cambridge

Katika enzi ya ukoloni, mitihani ya sekondari ya Afrika Mashariki ilitungwa na kusimamiwa kutoka Cambridge, na Kiingereza ndicho kilichokuwa mlinzi wa lango. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu kuikomboa fikra, anasimulia habari za mwanafunzi mwenzake aliyefanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwaka 1954. Kijana huyo alipata alama za juu kabisa katika masomo yote ila Kiingereza, ambacho alikianguka. Akahesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima, na hatimaye akawa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake nyingine zilikuwa za wastani lakini Kiingereza chake kilikuwa kizuri, alipata nafasi katika shule ya Alliance. Anaongeza kuwa hata mlango wa Makerere haukufunguka kwa asiyekuwa na alama nzuri za Kiingereza.

Funzo la kisa hiki ni la kikanuni. Haikuhitajika sheria ya kuzikataza lugha za Kiafrika. Ilitosha kuamua ni somo lipi lisilofidiwa na jingine.

Uhuru haukuiondoa fikra hiyo mara moja. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ikajitoa mwaka 1971. Na Kenya ikaunda Baraza lake mwaka 1980, baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Mabaraza yalibadilika, lakini katika sekondari za Kenya Kiswahili kiliendelea kuwa somo la hiari. Mwanafunzi mwerevu aliweza kumaliza kidato cha nne, akapata cheti kizuri, pasipo kuandika hata insha moja ya Kiswahili katika mtihani wa taifa.

3. Kanuni ya 1989

Mageuzi yalitokana na mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981, ambayo pamoja na kupendekeza chuo kikuu cha pili ilitaka Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Daraja zilikuwa 12, kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. Katika kanuni iliyotumika hadi mtihani wa 2022, masomo saba yalijumlishwa kwa jumla ya pointi 84, na Kiswahili, Kiingereza na Hisabati hayakuweza kuachwa nje ya hesabu hiyo.

Hivyo, sehemu moja kwa saba ya hatima ya kila mtahiniwa ilikuwa mikononi mwa mwalimu wa Kiswahili. Sisi tuliotahiniwa chini ya kanuni hiyo tunajua maana yake: hata aliyeazimia kuwa mhandisi alilazimika kusoma riwaya na tamthilia.

Yafaa, lakini, tukiri upungufu. Mtihani huo una karatasi tatu: Insha alama 40, Lugha alama 80 na Fasihi alama 80. Zote ni za kuandikwa. Hata fasihi simulizi, ambayo uhai wake ni sauti na hadhira, hutahiniwa kwa kalamu. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi aliweza kuzipanga ngeli barabara bila kuwa na ujasiri wa kuhutubia mkutano. Kulazimisha somo kulikipa Kiswahili wasomaji. Hakukuwa dhamana ya kukipa wasemaji.

4. Kanuni ya 2023

Mwaka 2022 Rais William Ruto aliunda jopo la kurekebisha elimu, mwenyekiti wake akiwa Profesa Raphael Munavu. Kuanzia mtihani wa 2023, daraja la jumla likawa linakokotolewa kwa Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa ameifanya vizuri zaidi kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya, pamoja na masomo mengine matano bora.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtahiniwa wa masomo manane ana D+ katika Kiswahili, yaani pointi 4, nalo ndilo somo lake dhaifu kuliko yote. Kwa kanuni ya zamani, jumla yake ni pointi 45, wastani wa C. Kwa kanuni mpya, Kiswahili chatoka, na somo la nane lenye C+, yaani pointi 7, laingia mahali pake. Jumla yawa 48, wastani wa C+, ambao ndio kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu. Ni mtoto yule yule, wala maarifa yake hayakuongezeka.

Waliopata C+ na zaidi walikuwa 173,345 mwaka 2022, na 201,133 mwaka 2023. Si haki kudai kuwa ongezeko lote lilitokana na kanuni, kwa maana watahiniwa na karatasi hubadilika kila mwaka. Lakini mwelekeo wa kanuni hauna utata: Kiswahili kingali kinafanywa, ila kuanguka Kiswahili hakuna tena gharama ya hakika.

Watetezi wa kanuni hii wana hoja nzito, nasi hatuna budi kuikabili. Mtoto wa Turkana au Mandera, ambaye kwake Kiswahili huenda kikawa lugha ya tatu, kwa nini afungiwe chuo cha udaktari kwa ajili ya ngeli? Je, hilo si kumrudisha yule utingo wa 1954, tofauti ikiwa ni lugha iliyomfungia mlango tu? Kwa maoni yangu hoja hii ni ya kweli, na mwanalugha anayeipuuza anautetea mshahara wake zaidi ya lugha.

Hata hivyo, usawa wa karatasini si usawa wa maisha. Lugha mbili zinapowekwa kwenye mizani na mtu akaambiwa achague moja, huchagua ile inayofunguliwa milango na waajiri. Kiingereza hakihitaji kanuni ya mtihani kukilinda, Kiswahili bado.

5. Hitimisho

Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilimaliza sekondari ya chini mwishoni mwa 2025, na KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inaelekea kikomo. Mizani mpya inaundwa sasa. Sidhani dawa ni kurudisha kanuni ya 1989 kama ilivyokuwa. Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, Kiswahili kitahiniwe kwa kusemwa, ili mtoto asiye hodari wa istilahi za sarufi apate nafasi ya kuonyesha umilisi wake wa kweli. Pili, uzito wa Kiswahili uwekwe pale unapohitajika kikazi. Masharti ya kujiunga na Chuo cha Mafunzo ya Sheria tayari yanakubali B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Lakini "au" hiyo humruhusu wakili kutokijua Kiswahili cha mteja wake. Kwa ualimu, uanahabari, uuguzi na sheria, vyuo vikuu vina uwezo wa kuweka "na" mahali pa "au".

Neno hilo moja halitatoka katika hotuba ya sikukuu. Litatoka katika vikao vya udahili, ambamo wengi wetu tuna viti na hatusemi.