Kambi ya ufukweni kwa familia yenye gari: Uliza bamvua kabla ya bei

Picha kwenye simu inaonyesha mchanga mweupe, minazi miwili na bahari ya buluu. Bei si mbaya. Watoto wameshaanza kugombania nani atalala kwenye hema la juu ya gari. Kitu kimoja tu hakipo kwenye picha hiyo: ilipigwa saa ngapi.

Katika pwani ya Tanzania na Kenya, ufukwe wa saa 4 asubuhi na ufukwe uleule saa 10 jioni unaweza kuwa kama sehemu mbili tofauti. Asubuhi mchanga unaenea mpaka macho yanachoka. Jioni maji yako kwenye ngazi za baa. Anayekuja kwa siku moja ataondoka bila kujali. Familia inayolala hapo siku tatu, na gari, hema na watoto wadogo, lazima ijue mapema.

Wengi husafiri na gari la kawaida na mahema kwenye buti. Wengine wana hema la kukunja juu ya paa, na wachache hukodi gari la kulala, lile lenye vitanda na jiko ndani. Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa ni karibu yaleyale kwa wote.

Bahari ina ratiba yake

Maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 katika muda wa kama saa 24 na dakika 50. Ndiyo maana kila siku maji hujaa karibu dakika 50 baadaye kuliko jana. Kama leo yamejaa saa 4 asubuhi, kesho yatajaa kabla kidogo ya saa 5.

Kiasi cha kujaa nacho hubadilika. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, na tofauti hupungua hadi kama mita 1. Kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo, mita 3 za kwenda juu zinaweza kuwa mamia ya mita za kutembea.

Wazee wa pwani hawahitaji programu ya simu kwa hili. Wanahesabu mwezi mwandamo. Kuzunguka tarehe 1 na tarehe 15, na siku chache baada yake, ni bamvua. Kuzunguka tarehe 8 na 22 ni maji mafu.

Kwa sehemu kubwa ya pwani hii, siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Hapo ndipo penye hatari. Familia inafika usiku, inaona mchanga mkavu, inapiga hema karibu na maji ili isikie mawimbi, na bahari inakuja alfajiri watu wote wakiwa usingizini.

Bamvua za karibu na mwezi Machi na Septemba kwa kawaida ndizo kubwa zaidi katika mwaka. Kwa uhakika wa tarehe, kuna majedwali ya maji ya bandari kama Dar es Salaam na Mombasa, na programu za simu zinazoonyesha saa za kujaa na kupwa.

Likizo ipi, upepo upi

Likizo za shule ndizo huamua safari za familia nyingi, lakini si kila likizo ina bahari ileile.

Aprili, wakati shule nyingi za Kenya zimefungwa, ni katikati ya masika. Mvua ya usiku mmoja inatosha kugeuza njia ya udongo kuwa tope, na hema lililopigwa bondeni linaamka na maji.

Juni hadi Agosti ni kusi. Hakuna joto kali, lakini upepo una nguvu na fukwe zilizo wazi upande wa mashariki huchafuka. Familia yenye watoto wadogo inafaa kutafuta ghuba au ufukwe unaokingwa na mwamba. Kabla ya kuondoka, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa zinafaa kusomwa.

Desemba ni kaskazi. Jua ni kali, watu ni wengi, na nafasi nzuri huchukuliwa mapema. Anayesubiri wiki ya Krismasi kupiga simu mara nyingi hubakiwa na kona ya jirani na choo au spika za muziki.

Kilomita ya mwisho ndiyo safari

Barabara kuu haina shida. Shida huanza pale kibao cha kambi kinapoonyesha njia ya mchanga. Gari la familia kama Noah linaweza kutoka Dodoma hadi Dar bila kelele, kisha likazama mita 200 kabla ya geti.

Swali la kumuuliza mwenye kambi si "njia ni nzuri?" Jibu litakuwa ndiyo. Swali ni: "Wiki hii kuna gari dogo limeingia? La aina gani?"

Kwenye mchanga laini, madereva wa magari ya magurudumu manne hupunguza upepo wa matairi, kisha huurudisha kabla ya kuingia lami. Asiye na pampu ya kurudishia upepo asijaribu. Gari la kulala lina masharti zaidi: ni zito, ni refu, na ni la juu. Mwenye kambi aulizwe urefu wa geti, matawi ya miti na kama kuna sehemu tambarare, maana kulala kwenye gari lililoinama ni mateso.

Kuendesha kwenye ufukwe wenyewe si jambo la kujaribu. Mchanga uliolowa hudanganya, na gari likikwama maji yanapoanza kujaa, muda wa kulitoa ni mfupi. Isitoshe, kuna fukwe ambazo kasa hutaga mayai mchangani, na tairi likipita hapo hufukia au kuponda kiota.

Wakati wa kufika nao ni muhimu. Kambi inayofikiwa gizani huchaguliwa kwa tochi. Kufika kabla ya saa 10 jioni kunampa dereva mwanga wa kuona mchanga, maji na miti.

Wapi pa kulaza gari na hema

Mnazi unapendeza kwenye picha, lakini haufai kulaliwa chini yake. Nazi ikidondoka kutoka juu inaweza kuua, na kuti kavu ni zito kuliko linavyoonekana. Kivuli cha mvinje au mkungu ni salama zaidi, mradi matawi makavu yakaguliwe kwanza.

Karibu na mikoko na midomo ya mito pana utulivu, ila pana mbu wengi na matope. Kwenye mito kama Wami, Pangani na Rufiji kuna mamba, kwa hiyo mtoto asiachwe acheze ukingoni hata kama wenyeji wanaonekana kuvua hapo. Pwani yote ina malaria. Chandarua kinachofunika sehemu ya kulala ni lazima hata kama hema lina wavu wake.

Ngedere na nyani hujua kufungua zipu. Chakula kinakaa ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa.

Maji, choo na umeme

Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Yanafaa kusuuza miguu, si kunywa wala kupikia. Familia inahitaji kujua kama kambi ina maji matamu au yabebwe kutoka mjini.

Choo kiulizwe kwa umbali. Choo kilicho mita 150 kutoka kwenye hema si tatizo mchana. Saa 8 usiku, na mtoto wa miaka minne, ni safari. Mwenye gari la kulala aulize pia wapi pa kumwaga maji machafu. Kuyamwaga mchangani si jibu.

Neno "umeme upo" lina maana nyingi. Kambi nyingine ina soketi moja kwenye baa, nyingine jenereta linalozimwa saa 4 usiku. Kwa mwenye friji ya gari au mtoto anayehitaji mashine ya kupumulia, tofauti hiyo ni kubwa.

Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Kenya pia ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji na sahani, katika fukwe na hifadhi kuanzia Juni 5, 2020. Madumu na vyombo vya kuosha ndiyo suluhisho.

Watoto na maji

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hutulia, kisha hutoweka, hata kwenye maji ya kiunoni. Mpango unaofanya kazi ni mtu mzima mmoja kwa zamu, asiyepika, asiyeshika simu, na aliye karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono.

Maji yakipwa, kila mtu hutamani kutembea hadi mwambani. Hapo kuna mtego. Bahari hairudi kwa mstari mmoja. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma ya watu, kati yao na nchi kavu. Maji hupanda kwa kasi zaidi katikati ya kujaa, kama masaa mawili hadi manne tangu yaanze kurudi. Familia ianze kurudi kabla maji hayajageuka, si baada ya kuyaona. Viatu vya kufunga ni muhimu kwa sababu ya viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye mawe.

Palipo na uwazi kwenye mwamba, maji yanayotoka huvuta kuelekea bahari kuu. Aliyeshikwa na mkondo asishindane nao. Aelee, aite msaada, na akiweza aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mvuto, ndipo arudi. Wavuvi wa hapo wanajua mikondo ilipo. Kuwauliza hakuna gharama.

Maeneo ya kuanzia kutafuta

*Kigamboni, Dar es Salaam.* Karibu na mji, hufikiwa kwa Daraja la Nyerere au kivuko. Inafaa kwa familia inayojaribu kambi kwa mara ya kwanza: mambo yakiharibika, nyumbani si mbali.

*Saadani.* Hifadhi ya taifa inayogusa bahari. Tembo na simba ni majirani halisi, hivyo maelekezo ya askari wa hifadhi ndiyo sheria. Kuna viingilio vya watu na gari, raia wa Afrika Mashariki hulipa viwango vyao, na malipo si ya fedha taslimu.

*Pangani na Ushongo, Tanga.* Kimya na nafasi. Njia iulizwe kabla, hasa wakati wa masika.

*Tiwi na Diani, Kwale.* Kutoka Mombasa kuna kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Mwamba hupunguza mawimbi, lakini maji hupwa mbali.

*Kilifi na Watamu.* Watamu ina hifadhi ya bahari na kasa hutaga huko, kwa hiyo taa kali zisielekezwe baharini usiku.

Maswali ya simu moja

Kabla ya kutuma hata shilingi, maswali haya yanatosha:

1. Maji ya bamvua hufika wapi, na hema letu litakuwa wapi?
2. Gari la mwisho dogo kuingia lilikuwa aina gani?
3. Bei ni ya mtu, ya gari au ya hema? Watoto je?
4. Maji ya kunywa yapo? Umeme huzimwa saa ngapi?
5. Choo kiko mbali gani, na kina taa?
6. Mlinzi hukesha usiku? Muziki huisha saa ngapi?
7. Zahanati ya karibu ni ipi, na mtandao gani wa simu unashika?
8. Tukifika pasifae, tunarudishiwa nini?

Mwenye kambi anayejibu swali la kwanza bila kusita anaijua bahari yake. Anayesema "hapa maji hayafiki" bila kueleza, aombwe picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa.

Kabla ya kushusha mizigo

Mtu mmoja ashuke garini na kutembea ufukweni kwa dakika kumi. Atafute mistari ya majani ya bahari, vijiti na vifuu iliyoachwa na maji. Wa juu kabisa ndio unaoonyesha bahari ilipofika siku za karibuni. Kama wiki hii ni ya maji mafu na bamvua iko njiani, maji yatapanda zaidi ya hapo. Hema na matairi yakae juu ya mstari huo kwa nafasi ya kutosha, na gari lielekezwe njia ya kutokea.

Namba 112 ya dharura hutumika Tanzania na Kenya, lakini ya mlinzi wa kambi ndiyo itakayojibiwa haraka. Iandikwe kwenye simu zote mbili za wazazi kabla jua halijazama.