PRF: Wavu mdogo ulio ndani ya damu yako

Mvuvi wa Shimoni akikatwa mkono na mshipi, damu hutoka, kisha huganda. Wengi wetu tukiliona lile donge huliona uchafu wa kufutwa. Lakini ukilitazama kwa hadubini, utaona wavu. Wavu huo ndio msingi wa tiba iitwayo PRF, yaani fibrini yenye chembe sahani nyingi, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2001 na Dkt. Joseph Choukroun na wenzake. Leo madaktari wa meno na wa vidonda wanaitumia katika nchi nyingi.

Inavyotengenezwa

Mgonjwa hutolewa damu yake mwenyewe, mililita 9 au 10 kwa kila chupa ya kioo. Haitiwi dawa yoyote ya kuzuia kuganda. Chupa huingia mara moja katika mashine ya kuzungusha, kiasi cha mizunguko 2,700 hadi 3,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 10 au 12. Mashine ikisimama, damu imejitenga matabaka matatu: chini chembe nyekundu, juu maji ya manjano, na katikati donge laini linalotikisika. Donge hilo ndilo PRF. Likikamuliwa huwa utando unaoweza kushonewa kwenye kidonda.

Mhudumu akikawia kuitia chupa mashineni, damu huganda ovyo na donge huwa dhaifu.

Ndani ya donge

Katika damu mna protini iliyoyeyuka, fibrinojeni. Damu ikigusa kidonda au kioo, hutokea kimeng'enya kiitwacho thrombini. Hicho hukata vipande vidogo vya fibrinojeni, na zilizokatwa hushikana moja kwa moja mpaka zikawa nyuzi za fibrini. Kisha protini nyingine ya damu hukaza mafundo.

Anayejua kushona nyavu atafahamu upesi kinachofuata. Gundi ya fibrini inayotoka kiwandani hutiwa thrombini nyingi, ikaganda papo hapo. Nyuzi zake hukutana nne nne, na wavu huwa mgumu, wenye macho yaliyobana. PRF hutegemea thrombini kidogo ya mwili wenyewe, kwa hiyo huganda taratibu. Nyuzi hukutana tatu tatu, na wavu hunyumbuka na kuwaachia seli nafasi ya kupita. Ndivyo Dohan, Choukroun na wenzao walivyoeleza mwaka 2006.

Wavu huo hunasa karibu chembe sahani zote na zaidi ya nusu ya chembe nyeupe. Chembe sahani ni ndogo mno: zipange mstari, na milimita moja itachukua mia tatu na zaidi. Tena hazikutawanyika sawasawa. Nyingi hukaa chini ya donge, mpakani na tabaka jekundu. Anayelikata donge juu sana ametupa kilicho bora.

Zikiwa zimenaswa, chembe hizo huachilia polepole, kwa siku 7 au zaidi, protini zinazoamsha seli na kuita mishipa mipya ya damu.

Inafaa wapi

Hutumika kwenye pengo la jino, kwenye fizi, na kwenye vidonda sugu kama vya mguu wa mwenye kisukari. Ushahidi wake ni bora zaidi kwa nyama laini kuliko kwa mfupa. Haichukui nafasi ya kudhibiti sukari, kusafisha kidonda wala dawa ya vijidudu. Ikiwa unatumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, mwambie daktari kwanza, awe wa Msambweni, Diani au Mombasa.

Jambo moja lishike, ndugu msomaji. PRF hutoka katika damu yako, hutengenezwa mbele yako na hutumika hapo hapo. Anayekuuzia PRF ya kopo au ya chupa ya dukani amekuuzia jina tu.

Na hata usipoifikia tiba hii, wavu wake unao. Ukitoka kung'olewa jino, siku ile ya kwanza usisukutue, usivute sigara, wala usilichokoe pengo kwa ulimi au kidole. Donge lililo pale liko kazini. Liache.