Kuvuma

Upepo huvuma, nyuki huvuma, na sifa za mtu huvuma hadi mji wa pili. Kitenzi hiki kinaifaa feni ya kompyuta ya mezani kuliko "kupiga kelele". Kelele ni fujo. Mvumo ni sauti moja inayoendelea, ikipanda na kushuka pamoja na mwendo wa mapanga.

Mwendo huo hudhibitiwa. Feni ya nyaya tatu hupunguzwa kasi kwa kushushiwa umeme chini ya volti 12. Ya nyaya nne ni bora zaidi: volti hubaki palepale, na waya wa nne huleta amri kwa mapigo ya umeme yapatayo 25,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia karibu 20,000, kwa hiyo amri yenyewe haivumi.

Kasi ikipunguzwa nusu, hewa nayo hupungua takriban nusu, lakini mvumo hushuka kwa desibeli 15 hivi! Ndiyo maana feni ya milimita 120 inayozunguka taratibu huwa tulivu kuliko ya milimita 80 inayokimbia ili isukume hewa ileile.

Kinachoudhi zaidi ni mvumo unaopandapanda, feni inapofuata kila badiliko dogo la joto la prosesa. Sikio huzoea upesi sauti isiyobadilika. Dawa iko kwenye mipangilio ya ubao mama: feni iagizwe kusubiri sekunde chache kabla ya kubadili mwendo.